Mpika Pombe Aliyeninyima

Nimenyimwa vitu vingi maishani, lakini sijawahi kushtuka kama siku niliponyimwa pombe na mtu aliyekuwa akiishi kwa kuuza pombe. Ilikuwa saa kumi jioni, nyumbani kwake Katandala, Sumbawanga mjini. Nilitoka shule moja kwa moja, vumbi la chaki likiwa bado mikononi, nikaketi kwenye benchi langu, nikanyoosha kopo. Alilichukua, akalitazama ndani kana kwamba anatafuta nzi, kisha akalifunika juu ya kigingi cha ua.

"Mwalimu," akasema, "kwangu hunywi tena."

Nilicheka, maana mama yule alikuwa na utani mwingi. Hakucheka. Wanywaji wenzangu wawili wakainamisha nyuso zao kwenye makopo yao kama watu walioingia msibani kwa bahati mbaya. Nikamuuliza kosa langu ni nini. Akasema hakuna kosa, kisha akamgeukia mzee wa pembeni yangu na kumjazia mpaka povu likamwagika vidoleni mwake.

Sitataja jina lake, na kwa kweli ni wachache waliolitumia. Mtaa mzima ulimwita mpika pombe, kama vile kulikuwa na mmoja tu, ingawa Katandala ilikuwa na kilabu kila baada ya nyumba nane. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya mwanaume, na mwaka mzima alivaa sweta ya kijani ya sekondari ambayo hakuna aliyejua ilitoka kwa mwanafunzi gani. Mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ukivuma mpaka meno yakagongana, alivaa sweta hiyo hiyo. Mwezi wa kumi, jua likichoma, aliivaa pia.

Mimi nilikuwa mgeni. Nilitoka Tukuyu, nikapangiwa shule ya msingi Katandala, na kabla sijapanda basi ndugu zangu walikuwa wameshanitisha vya kutosha kuhusu uchawi wa Sumbawanga. Nilifika nikitegemea fisi wenye shanga. Nikakuta watu wanaolima, wanaosali, wanaozika wafu wao na kudaiana majembe kama watu wa kwetu. Kitu pekee kilichonitisha kwa miaka yote niliyokaa pale kilikuwa mama mmoja mwenye sweta ya shule.

Alikuwa Mkatoliki wa kuamkia misa ya kwanza. Mahubiri yakianza alilala, kichwa wima, bila aibu, na sala ya Nasadiki ikianza aliamka na kuitamka kwa sauti kuliko wote. Jumuiya ikija kusali kwake, alifunika mitungi yote kwa vitenge. Katekista alipomuuliza kwa nini anaificha wakati kila mtu anajua kilichomo, alijibu kuwa haifichi, mitungi ndiyo inayoona haya. Na yeye mwenyewe hakunywa. Alionja, akazungusha mdomoni, akatema kwenye majivu, akafuta midomo. Miaka yote sikumwona akimeza hata tone.

Tena alikuwa mwongo kwa vitu vidogo. Kuhusu nani alimfundisha kazi, nilipata hadithi tatu. Siku moja alisema ni mama mkwe wake. Siku nyingine ni bruda mmoja Mzungu wa misheni, aliyekuwa akijipikia bia yake nyuma ya jiko la mapadri na kumtuma yeye, msichana wakati huo, kuchochea kuni. Siku ya tatu, mbele ya watu wale wale waliozisikia zile mbili, alisema hakufundishwa na mtu. Nilipomkumbusha, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe hukufundishwa na watu watatu?"

Yeye na jirani yake mmoja walinuniana miaka sita kwa sababu ya kuku. Hawakusalimiana hata msibani. Lakini jirani huyo alipougua, bakuli la uji lilikuwa mlangoni kwake kila asubuhi, na alipopona kununiana kukaendelea pale pale kulikoachwa.

Nieleze hali yangu, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini kopo moja lilikuwa jambo kubwa. Nilikuwa mlevi. Siku hizo nilisema napenda kuchangamka, lakini leo nina umri wa kusema ukweli. Mke wangu alikuwa amerudi kwao Tukuyu na binti yetu wa miaka minne, akaniachia ujumbe mmoja kwenye simu: siku utakapokuwa mtu, tuite. Shuleni nilikuwa nimepewa barua ya onyo. Mwalimu mkuu, mtu mpole asiyependa makaratasi, aliniambia kwamba barua ya pili haitaandikwa na yeye, itaandikwa na wakubwa, na itakuwa ya mwisho. Wiki chache baadaye nikasinzia kwenye benchi la mpika pombe na karatasi za mtihani wa majaribio wa darasa la saba zikiwa mapajani. Zikaanguka kwenye dimbwi la machicha ya pombe. Nilipozinduka, mama yule alikuwa amezianika zote kwenye kamba ya nguo, karatasi moja moja, na alikuwa akizigeuza karibu na jiko la mkaa kama mtu anayekausha samaki. Zilinuka kimea mpaka siku niliyozirudisha kwa watoto. Hakuna aliyenishtaki. Kazi yangu na familia yangu vilikuwa vimebakiwa na uzi mmoja, na kila jioni nilikwenda kuukalia.

Basi, aliponinyima, niliondoka kwa hasira, nikaenda kilabu cha pili. Mama wa pale akasema pombe imekwisha, na mitungi naiona. Cha tatu wakasema hawajafungua, na watu wananywa. Cha nne mama akasema kweli: "Amepita hapa asubuhi. Amesema anayekuuzia wewe, yeye atamjua." Nikatembea mpaka mtaa wa Kizwite kwa miguu. Alishafika Kizwite. Nilisimama barabarani, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, nikifikiri kwa dhati kwamba ndugu zangu walikuwa sahihi na nimerogwa.

Nilirudi kwake nikiwaka. Nikamwambia hana haki. Nikamwambia mimi si mwanawe. Nikamtaja jirani mmoja ambaye watoto wake wanalala njaa na yeye anamuuzia kila siku, mbona huyo hamnyimi. Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anazungusha mkono wa mashine yake ya kusagia kimea, kisha akanipa kata.

"Ukitaka kukaa, chuja."

Nilikaa. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja na sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Hapa ndipo nilipoanza kumwona alivyokuwa kweli, kwa hiyo nitaeleza kazi yake. Vilabu vingine viliuza pombe nzito, ile unayoinywa huku unaitafuna. Yake ilikuwa nyepesi, nyekundu ya kahawia, na unaweza kuona kidole chako ng'ambo ya glasi. Aliotesha ulezi na mahindi kidogo kwenye magunia yenye unyevu, vikachipua, akavianika, vikawa kimea. Kimea hicho alikisaga kwa mashine ya mkono, ile ya kusagia karanga, aliyoifunga kwenye ukingo wa meza. Ilikuwa na skrubu ya kubana na kulegeza. Skrubu hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nilimwona akimfukuza mkwewe kwa kuifuta vumbi tu.

Akisaga kidogo, alichota kwa vidole, akaweka kiganjani, akapuliza. Unga ukiruka mwingi, alilegeza. Punje zikibaki nzima, alikaza. Alitaka kila punje ipasuke vipande viwili vitatu na ganda lake libaki ganda. Alikuwa na msemo wake: "Punje ivunjike, isifedheheke."

Kisha alikoroga kimea na maji ya moto, akakiacha kitulie, akakimimina kwenye ndoo ya plastiki aliyoitoboa matundu madogo chini kwa msumari wa moto. Ndoo ilikaa juu ya sufuria. Togwa ikaanza kudondoka, tamu, ya vuguvugu, bado haijawa pombe. Ya kwanza hutoka imechafuka kama maji ya mtaroni. Hiyo haitupwi. Kazi yangu ilikuwa kuichota kwa kata na kuirudisha juu ya ndoo, polepole, juu ya kisahani, ili isichimbe shimo katikati. Ikishuka, naichota tena, naimwaga tena. Mara ya tano, ya saba, ya tisa. Sikuelewa maana yake. Nilimuuliza kwa nini asinunue kitambaa kizuri cha kuchujia, tumalize.

"Chujio siyo ndoo, mwalimu," akasema. "Wala siyo kitambaa. Chujio ni maganda. Unavyorudisha, yanajipanga yenyewe. Wewe kazi yako ni kurudisha tu na kutokuwa na haraka."

Na kweli, kila nilivyorudisha, togwa ilizidi kung'aa. Nilishtuka kama mtoto. Uchafu ule ule uliokuwa unaichafua ndio uliokuwa sasa unaisafisha, mradi usagwe inavyotakiwa na upewe muda. Saa zangu mbaya zilikuwa saa kumi mpaka jua kuzama. Saa hizo zote nilizimaliza nikiwa nimeshika kata. Jioni alinipa kikombe cha togwa na kiporo cha maharage, akaninusa mdomo kama askari wa barabarani, akaniruhusu kwenda nyumbani.

Sasa niseme kosa langu kubwa, ambalo nadhani ni mtu wa Tukuyu peke yake angeweza kulifanya pale. Ilikuwa masika, mwezi wangu wa pili bila pombe. Mpika pombe alikuwa ameita watu waje kumlimia shamba lake la ulezi pembeni ya Kizwite, na kama ilivyo desturi, anayeita watu kulima huwaandalia pombe. Pasipo pombe hakuna jembe, na pasipo jembe mvua ikipita hana ulezi mwaka mzima. Alikuwa na gunia zima la kimea la kusaga kwa mkono, na bega lake la kulia lilikuwa linamuuma mpaka anavaa sweta kwa kusaidiwa. Akatoka kwenda kumsalimu mgonjwa. Mimi nikaona nafasi ya kuwa mtu wa maana. Nikalipakia gunia kwenye bodaboda, nikalipeleka mashineni.

Msagaji akauliza, "Mara moja au mbili?"

Nikafikiria ugali wa nyumbani kwetu, mweupe, laini, usiokwaruza ulimi. Nikasema, "Mbili. Iwe laini kabisa."

Nilirudi nikijisikia kama nimejenga daraja. Mama akafungua gunia, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa. Ulikuwa umejaa unga laini wote. Akapuliza kiganja, na hakikubaki kitu. Aliutazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Kimea kingine hakikuwepo, na kuotesha na kukausha kingine katika mvua ile kusingewezekana kabla ya siku ya kulima. Tukakikoroga hicho hicho. Ndoo ilidondosha matone machache, ikasita, ikanyamaza. Ndani kulikuwa na kitu kama udongo wa kukandikia nyumba, na togwa imetuama juu yake kama maji ya mvua kwenye uwanja wa shule. Nikatikisa ndoo. Nikachokonoa kwa kijiti. Nikamwaga maji ya moto zaidi, ikazidi kuganda. Nilikuwa nimemnyima mavuno mtu aliyekuwa akinilisha.

"Acha," akasema. "Kaa chini. Sikiliza."

Tukakaa pande mbili za ndoo.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Haya. Umejua sasa."

Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimeyategemea, hata ningeyafurahia. Badala yake akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanaruka, mpaka lile bovu likamuuma akaguna. "Ulitaka kunifurahisha," akasema. "Mtu akitaka sana kufurahisha, anasaga sana."

Kisha akanituma kwa mfanyabiashara mmoja wa nyuma ya nyumba yake, aliyekuwa akileta mpunga kutoka Milepa, huko bondeni kwenye joto, na kuukoboa pale mjini. Uani kwake kulikuwa na lundo la makapi ya mpunga ambalo mbuzi walilala juu yake. "Lete magunia mawili." Nikadhani uchungu umempanda kichwani. Tukayapepeta, tukayaosha maji matatu, tukayachemsha kidogo, kisha tukauondoa ule udongo kwenye ndoo na kuuchanganya na makapi kwa mikono yetu, yeye kwa mkono mmoja na mimi kwa yote miwili. Tukarudisha kwenye ndoo. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu likadondoka tone, na la pili, na baada yake mchirizi mwembamba kama uzi. Sioni haya kusema kwamba nililia. Takataka za kulalia mbuzi zimefungua kitu ambacho mashine ya umeme ilikuwa imekiziba. Nilirudisha togwa ile mara kumi na nne, mpaka mkono ukafa ganzi, na yeye hakuniambia niache.

Watu walikuja, wakalima, wakanywa. Mzee mmoja alisema pombe ya safari hii ina harufu ya Milepa. Mpika pombe akamjibu kuwa ameiagiza huko maalumu.

Ningependa kusema kuwa baada ya hapo nilinyooka. Haikuwa hivyo. Siku moja nilikwepa, nikaenda baa moja karibu na stendi ambako hawamjui, nikanywa bia za chupa tatu. Niliporudi sikupita kwake. Asubuhi yake, wakati wa gwaride, wanafunzi wote wamejipanga na bendera inapanda, akatokea getini na sweta yake. Alinifuata mpaka mbele ya mistari, akapiga goti kidogo kama anavyofanya mtoto mwenye adabu, akasema kwa sauti ya Nasadiki:

"Shikamoo, mwalimu."

Mtu wa umri wa mama yangu ananiamkia shikamoo, mimi, mbele ya watoto mia kadhaa. Sikuweza kusema marahaba, maana ningelaaniwa, wala sikuweza kunyamaza. Watoto waliangaliana. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Mama akageuka, akaondoka kama mtu aliyemaliza kazi. Huyu ndiye aliyekuwa akihubiri punje isifedheheke. Nilimchukia siku ile kwa moyo wote. Lakini toka asubuhi ile sijaonja pombe tena, wala bia wala ya kienyeji.

Mara moja tu nilimuuliza kwa utulivu. Tulikuwa wawili, togwa inashuka vizuri, nami nikiwa na miezi minane ya akili timamu. "Mama, nani alikupa kazi ya kunichunga?" Alifungua mdomo, nikaona kwamba jibu lipo. Akaufunga. "Rudisha togwa," akasema, "kimea kinakauka juu."

Mke wangu alirudi mwaka uliofuata. Mpika pombe alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akampa binti yetu kikombe cha togwa, na hakusema lolote kuhusu mimi. Baadaye nikahamishiwa mkoa wa Mbeya. Nilipokwenda kuaga, alikuwa anasaga. Hakusimama. "Nenda salama, mwalimu. Sogea, unanizibia mwanga." Ndiyo kwaheri niliyopata.

Kwa zaidi ya miaka kumi nilimgeuza kichekesho. Katika vikao vya walimu, harusini, safarini, nilisimulia habari za mpika pombe dikteta wa Sumbawanga, watu wakavunjika mbavu. Nilisimulia shikamoo ya gwaride, na nilijua pa kusita ili wacheke zaidi. Kumtembelea sikumtembelea. Nilijiambia ni mbali, nilijiambia sina namba yake ya simu. Ukweli ni kwamba hakuna mtu mzima anayependa kumkumbuka aliyemtendea kama mtoto, hata kama ilimfaa. Shukrani zangu zilikuwa na kinyongo ndani yake, na sikutaka kuvichambua.

Mwaka jana nikaenda Sumbawanga kumzika mwalimu mwenzangu wa zamani. Mazishi yalikwisha mapema. Nikapanda bodaboda mpaka Katandala, na njiani nikaanza kupanga maneno ambayo ningemwambia.

Mkwewe alinipokea getini. Alinitambua, tukasalimiana, kisha akanishika mkono kunizuia kidogo. "Bibi yupo, mwalimu, ila usishtuke. Siku hizi hatambui watu. Jana ameniuliza mimi ni mtoto wa nani." Kilabu kilikuwa bado kipo, yeye ndiye anayepika, pombe nzito kama wenzake. Ile ya kuchuja ilimshinda.

Alikuwa ameketi juani kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, amekuwa mdogo kama mtu aliyekunjwa. Jicho moja lilikuwa na ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu mgeni, kaa hapo. Umetoka mbali?"

"Mbeya, mama."

"Mbali huko. Mpeni mgeni pombe."

Mkwewe alisita, akanitazama, lakini bibi alirudia kwa ukali, na kopo likaletwa. Alilipokea yeye mwenyewe, akalionja kwanza kama ilivyo desturi ili mgeni asiogope, akaninyooshea kwa mikono yote miwili. Mikono ile. Nilihisi harufu ya kimea, na nikashtuka kuona jinsi mwili wangu ulivyoikumbuka, baada ya miaka yote hiyo, kama haujakaa mbali nayo hata siku moja.

"Nashukuru, mama. Mimi sinywi."

"Umeokoka?"

"Hapana. Sinywi tu."

Akalishusha kopo magotini. Akanitazama kwa jicho lake zima, kwa namna ya mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku.

"Kulikuwa na mwalimu hapa," akasema. "Wa huko huko kwenu. Mrefu, ana makelele. Akilewa anaimba za kwao. Siku moja mvua inanyesha, wenzake wote wamekwenda, akapiga magoti hapo ulipo. Amelewa, analia mpaka kamasi. Akashika kitenge changu. Akasema, mama, kesho nikija, ninyime. Nikitukana, ninyime. Nikikulilia, ninyime. Waambie na wenzako wote waninyime. Nikasema sawa, baba. Akasema, na nikisahau kuwa nimekuomba, usinikumbushe, maana nitaona aibu nitahama."

Nilitafuta kichwani mwangu ile mvua, yale magoti, na sikupata kitu. Mpaka leo sijapata.

"Kesho yake akaja," akaendelea. "Amesahau yote. Ananyoosha kopo, anacheka. Nikamnyima."

"Na hukumwambia, mama? Hata baadaye?"

"Si aliniomba?" Alishangaa swali langu. "Alinichukia yule. Nilikuwa nayaona macho yake. Nikawa nasema moyoni, haya, nichukie, baba, mradi uamke." Akavuta blanketi. "Halafu wakamhamisha. Sijui kama alipona."

"Alipona, mama."

"Unamfahamu?"

"Namfahamu. Mke wake alirudi. Wana watoto watatu sasa. Hajagusa pombe tena."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, akitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. "Sasa mbona haji kunisalimia?"

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshika mikono. "Mama, ni mimi. Mimi ndiye yule mwalimu."

Alinichunguza uso wote, kwa adabu, jinsi tunavyomchunguza mgeni asiyejua anachosema. Akanipapasa nywele zangu nyeupe, akacheka kidogo.

"Wewe? Hapana, baba. Yule alikuwa kijana." Akainama karibu yangu, akapunguza sauti ili mkwewe asisikie. "Ukimwona, mwambie aje. Mwambie asiogope. Lile jambo lake sikumwambia mtu."

Nikamwambia nitamfikishia.